Watoto Waliotazama Mkono Wangu

Hidaya,

Asubuhi uliniamkia ukiwa umeinamia begi, nikaitikia nikiwa nimeinamia ungo wa mchele. Hatukutazamana. Basi salamu hizo zitutoshe, sina nyingine.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafoka, nikifoka utanuna, na ukinuna utapanda basi kesho na mnuno wako, maneno yangu yabaki hapa Rusimbi yananizunguka mimi. Mwandiko wangu unaujua, wa ngumbaru, kila herufi inakwenda upande kama kaa. Usicheke. Madaftari yako ya chuo yalinunuliwa na mgongo ulioinama mchangani kuanika dagaa, na mgongo huo ndio huu unaoniuma sasa hivi nikiandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Tangu itoke barua yako ya ajira, kila mwanamke wa mtaa huu amekuja kukufundisha maisha, hata wale ambao nyumba zao zimewashinda. Mimi nina jambo moja tu, na ni chafu. Nimelikalia miaka mingi kama kuku anayeatamia yai viza, nikajifanya sisikii harufu.

Tuanze na Alhamisi ile.

Ulikuwa barazani na watoto wako wa twisheni. Mkono wa kulia kipande cha bomba la maji, mkono wa kushoto mfuko wa pipi. Anayepata, pipi. Anayekosa, bomba. Ulikuwa unapita mstarini unagawa kama mtu anayelisha bata. Mama zao wakipita njiani wanakusifia, "Ticha Hidaya mkali kama bibi yake!" Nami, mzee mzima, nikatabasamu.

Halafu nikaenda nyuma kuchota maji, nikamkuta Sada, yule mtoto wa jirani aliyeng'oka meno ya mbele. Kachuchumaa penye ndoo, kavua sketi, anaifua kwa kipande changu cha sabuni, mbio mbio, macho kayakaza mlangoni. Mtoto wa miaka sita.

"Sada, vipi tena?"

"Maji yamenimwagikia, Bibi."

"Maji gani?"

"Maji tu."

Harufu ya mkojo haimpiti mwanamke aliyelea. Lakini si mkojo ulionishtua. Kilichonishtua ni kwamba mtoto hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu, maana nilikuwa nimeshika upawa. Akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie ticha."

Hidaya, niliuweka chini ule upawa. Nimewahi kumwona mtoto anayefua hivyo. Nimewahi kumwona mtoto anayetazama hivyo.

Ulipowaruhusu watoto nikakwambia, "Yule mtoto kajikojolea kwa kukuogopa." Nawe ukacheka. Ukasema, "Bibi, woga ndio mwanzo wa adabu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe hapo!"

Ukanieleza na ya chuoni, kwamba kuna elimu nzima ya mambo hayo, saikolojia. Ukitaka tabia irudi, ipe zawadi. Ukitaka tabia ikome, ipe adhabu. Ukasema watu wamelipima hilo kwa njiwa na panya, na mtoto ni yale yale. Mimi sijui njiwa wala panya. Nikakuuliza, "Na njiwa akisema uongo wanamjuaje?" Ukasema, "Bibi bwana, acha vituko."

Kisha ukasema neno ambalo ndilo limenikalisha hapa na kalamu. Umeshalisahau, mimi sijalisahau. Ulisema, "Mfano si mbali. Mama ulimchapa, kaishia wapi? Mimi hujanichapa hata siku moja, na mimi ndiye niliyesoma. Kuna mtoto wa fimbo na mtoto wa zawadi. Mimi nawapa vyote viwili, kila mmoja achukue kilicho chake."

Niliingia jikoni nikatema mate. Hukuniona. Sikukutemea wewe. Maneno yangu niliyasikia yanatoka kwenye kinywa chenye meno mazuri, yamepakwa chuo juu, ikawa kama nimeonjeshwa matapishi yangu mwenyewe.

Basi sasa soma, tena soma polepole. Umepangiwa Kasulu. Kasulu ndiko aliko mama yako. Na yote niliyokuambia juu ya mama yako ni uongo.

Nilipokuwa na miaka kama thelathini nilikuwa naanika dagaa pale Kibirizi, na hakuna mwanamke aliyekuwa na dagaa wasafi kama wangu. Babu yako alikuwa mvuvi wa kipe, ile mitumbwi iliyounganishwa ya kuvulia dagaa usiku. Walikuwa hawana hizi taa za betri za siku hizi, walivua kwa karabai, na karabai inataka mafuta ya taa, kwa hiyo mafuta ya taa yalikuwa kila mahali kama maji. Asubuhi kipe kikitia nanga, sisi wanawake tunapokea dagaa, tunamwaga mchangani, tunawatandaza kwa mikono, na kuanzia hapo ni vita. Kunguru, mbuzi, kuku, mvua. Mlinzi wangu alikuwa mama yako, Mariamu, miaka tisa, na mgongoni kambeba mdogo wake, Shabani, aliyekuwa hata hajaanza kutembea.

Ndiyo, ulikuwa na mjomba. Hukuwahi kuambiwa. Endelea kusoma.

Mariamu alikuwa mtoto wa ndoto. Unamwacha na dagaa, ukirudi anatazama mawimbi na mbuzi yuko katikati ya chakula. Nilimchapa. Sitakuficha wala sitapunguza: nilimchapa kwa kamba ya nyavu, iliyolowa. Na fimbo inafanya kazi, usije ukasema Bibi kazeeka anasema fimbo haifanyi kazi. Ndiyo ubaya wake, inafanya! Kwa wiki mbili sikuona mbuzi. Nikatamba pwani nzima. Nikawaambia wenzangu, "Mtoto ni kama ngoma, bila kupigwa hailii."

Jirani yangu wa mchangani alikuwa Mama Ezekieli, huyu huyu unayemjua wewe, aliyehamia kutoka Burundi na watoto wake wanne. Siku moja binti yake aliacha kunguru wakala nusu ya mtandazo. Nikasimama nione atakavyofanywa. Yule mwanamke akaketi chini, akapiga piga mchanga pembeni yake, akamwambia, "Njoo tuchambue." Wakakaa wote wawili wanatenganisha mzima na mbovu mpaka jua likawa la utosi, na mtoto analia kwa kuchoka, mama anamwambia, "Ihorere, ihorere, bado kidogo," ndiyo kumbembeleza kwao huko, lakini hamruhusu kuinuka. Hakuna kofi, hakuna peremende. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka.

Nikamwambia, "Mama Ezekieli, unalea watoto au unaatamia mayai?"

Akasema, "Wangu wakiharibu, wanakuja kwangu mbio. Wako wanakimbilia wapi, Mama Mariamu?"

Nikamwambia wangu hawaharibu. Nikajiona nimemweza.

Sasa zile wiki mbili bila mbuzi. Unajua kwa nini sikuona mbuzi? Mbuzi walikuwa wanakuja kama kawaida. Mariamu alikuwa amejifunza kuchukua dagaa wa mtandazo wa jirani na kufunika pengo, na kufagia nyayo za mbuzi kwa tawi. Nililijua hilo baadaye sana. Mimi nilidhani namfundisha kulinda. Yeye alikuwa anasoma somo jingine, na kulifaulu: kwamba kosa ni lile lililoonekana. Ambalo halikuonekana si kosa. Fimbo haikuulizi wewe unataka ifundishe nini.

Siku yenyewe ilikuwa mbalamwezi imekomaa, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi hawakutoka, mchangani wamebaki dagaa wa jana yake tu, karabai zilikuwa zimeletwa nje kusafishwa. Mimi ndiye niliyeweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mimi. Nikaiegesha kwenye jiwe, nikaenda kusaidia kukunja wavu. Mariamu alimshusha Shabani mgongoni ili apumzike, akageuka kufukuza kuku. Mtoto akatambaa, akaona soda.

Mama yako alimwona akiwa ameshika chupa mdomoni. Mtoto wa miaka tisa, Hidaya. Kama angekuwa binti wa Mama Ezekieli angepiga kelele, "Mama, Shabani kanywa mafuta!" Hatua thelathini kutoka nilipokuwa. Angenifikia kabla sijamaliza kugeuka.

Wangu hakupiga kelele. Wangu alimfuta mdogo wake mdomo. Akampeleka ukingoni, akamwosha uso kwa sabuni, akafua kishati chake kwa sabuni ili kisinuke, akaifukia ile chupa mchangani, akambeba tena mgongoni, akasimama kwenye dagaa kama askari. Nilipokuja nikakuta kila kitu kiko sawa. Nikamsifu! Nikasema, "Leo umelinda vizuri." Na mtoto mgongoni anakohoa.

"Ana nini huyu?"

"Amekula mchanga, mama."

Akitazama mkono wangu.

Alasiri mtoto alianza kuhema kama samaki aliyetupwa ufukweni. Tukakimbia naye hospitali. Wakaniuliza, "Amekunywa kitu gani?" Nikasema, "Hajanywa kitu, kala mchanga." Wakauliza tena. Nikawafokea, nikasema mimi ni mama yake, nafahamu. Mariamu alikuwa amesimama pale, bega lake linagusa kiuno changu. Alinyamaza. Hakunyamaza kwa ubaya. Mtoto yule alikuwa anafanya kile alichofundishwa, kwa ukamilifu ambao hakuna mwanafunzi wako atakayeufikia.

Shabani alifariki kesho yake.

Siku ya tatu ya matanga nikaenda Kibirizi kuchukua vyombo vyangu, mguu wangu ukagonga chupa mchangani. Nikaifukua, nikanusa, nikaelewa. Na baada ya kuelewa nilifanya nini? Ungedhani nilikaa chini nikajilaumu. Nilirudi nyumbani, watu wamejaa uani, nikamshika mama yako mkono, nikamchapa mbele ya wafiwa, na nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Huyu ndiye aliyemuua ndugu yake."

Mama Ezekieli alisimama palepale. Akasema, "Hilo neno lirudishe." Nikamwambia nenda kwenu. Akasema, "Ego, ndiyo, kwetu nitakwenda. Wewe neno lirudishe kwanza." Sikulirudisha. Babu yako alikufa sijalirudisha. Mariamu aliishi nalo nyumba hii miaka tisa mingine, anapika, anafua, hasemi, na watu wa Ujiji mpaka Katubuka wanamnong'ona akipita. Siku alipopata mume akaondoka, na nilisikia nafuu. Andiko halidanganyi: nilisikia nafuu.

Sasa tuje kwako, mtoto wa zawadi.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Mama yako alipata vibarua Kalinzi kwenye kahawa, analala kwenye banda la watu, hakuwa na mahali pa kukulaza. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila mimi. Fikiri kwanza ni njaa gani inayoweza kumrudisha mtu kwenye mlango ule. Hakuingia ndani. Alisimama pale kizingitini, amekushika mkono, akaniambia, "Mama, ukimgusa kwa fimbo mara moja tu, nitakuja kumchukua hata kama nalala njiani. Apa." Nikaapa.

Kwa hiyo usijisifu kwamba hukuchapwa kwa kuwa ulikuwa mtoto mzuri. Ulikuwa mtundu kuliko mama yako mara mbili. Hukuchapwa kwa sababu mama yako alisimama mlangoni akanifunga mikono.

Nami bila fimbo nilikuwa kama mvuvi aliyenyang'anywa kasia. Sikujua kulea. Nilijua kupiga tu. Nikasema sawa, nitageuza: badala ya kuumiza, nitalisha. Ukioga bila kulia, kitumbua. Ukisema shikamoo kwa wageni, kipande cha samaki, mgebuka. Ukikariri sura madrasa, soda. Watu wakashangaa: mtoto wa Mariamu ana adabu! Anaamkia mpaka mbuzi! Na kweli ulikuwa unaamkia, kisha unabaki umesimama, kiganja kimefunguka.

Unawakumbuka kunguru? Nilikuwa nimekupa kazi ya kuwafukuza kwenye dagaa, kila ukifukuza kunguru unapata bagia. Siku za kwanza kunguru watatu, wanne. Wiki ya pili wakawa hawahesabiki. Nikasema hawa kunguru wa Kigoma nzima wamehamia kwangu? Nikajificha nyuma ya mtumbwi. Nikakuona, na miaka yako mitano, unatupa matumbo ya samaki mchangani, unawaita "Kaa! Kaa!", wakitua unakamata fimbo, "Haya, tokeni!", halafu unakuja kwangu mbio, "Bibi, wengine wawili!" Nilicheka nikaenda kuwasimulia wenzangu. Nikasema huyu ana akili, atasoma. Mama Ezekieli peke yake hakucheka. Akasema, "Umenunua kunguru." Nikaona ananionea wivu.

Kinyaa kilikuja siku bibi wa nyumba ya pili alipopooza. Nilikutuma umpelekee uji. Ukarudi, nikakuuliza anaendeleaje. Ukasema, "Nimempa. Nimepata nini?" Nikakupa kitumbua. Mkono wangu ulikitoa wenyewe, ulikuwa umezoea. Wewe nilikufunza mimi, na wewe ulikuwa umenifunza mimi.

Hayo yote ni ya kuchekesha ukilinganisha na ninalokuja nalo. Nimeweka kalamu chini mara tatu. Nimekwenda kutazama nguo kwenye kamba, zimekauka tangu saa nane.

Ulipofika miaka saba mama yako alikuja kukuchukua. Alikuwa amepata chumba Kasulu, amefungua genge. Alinitumia salamu wiki moja kabla, kwamba atakuja Jumamosi. Nami nilikuwa nimeshakuzoea, nyumba ilikuwa na sauti, watu walikuwa wanasema bibi yule kalea vizuri safari hii. Safari hii! Ningekurudisha, ningebaki na nini? Na chupa tu.

Basi ile wiki nzima nilikufundisha. Kila jioni tunafanya mazoezi. Mimi nakuwa mama yako, nakuuliza, "Hidaya, unataka kwenda kukaa na mimi?" Nawe unajibu, "Sitaki. Nakaa na Bibi." Ukisema kwa sauti ndogo, nasema hapana, sema kama mtu anayetaka. Nikakuonyesha viatu vyekundu vya ngozi, vyenye kifungo cha pembeni, nilivyovileta kutoka sokoni, nikaviweka juu ya kabati unapoviona. Nikasema, ukisema vizuri siku ile, ni vyako.

Nadhani viatu unavikumbuka. Ulivivaa mpaka vidole vikatokeza. Sidhani kama unakumbuka ulivyovipata.

Alikuja amevaa kanga mpya. Alikuletea godoro, Hidaya, amelifunga kwenye baiskeli ya kukodi. Hakuingia ndani, alichuchumaa pale nje usawa wa uso wako, akakuuliza kwa maneno yale yale niliyokufundisha, maana mama hana maneno mengine ya kuuliza. Nawe ulikuwa umesimama kando yangu. Ukasema, "Sitaki. Nakaa na Bibi." Kwa sauti nzuri. Na ulipomaliza hukumtazama yeye. Ulitazama mkono wangu.

Yeye akaona. Mariamu wangu, anayelijua lile jicho kuliko mtu yeyote aliye hai, alikuona unavyotazama, akanitazama na mimi, akaelewa kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, bora ungempiga." Akafungua kamba, akaliacha lile godoro mlangoni, akapanda baiskeli.

Hilo godoro ndilo ulilolalia mpaka ukaenda sekondari. Nilikwambia nimenunua mimi.

Na baadaye ulipoanza kuuliza, nikakwambia hakukutaka. Nikakwambia ni mwanamke asiye na adabu, alichapwa sana na hakuonyeka. Ulikuwa unalia, nami nakupa kitumbua.

Sasa unaniambia kuna mtoto wa fimbo na mtoto wa zawadi, na wa zawadi ndiye mzuri. Watazame hao wawili. Mmoja alimnyamazia ndugu yake akifa. Mwingine alimkana mama yake kwa viatu. Na wote wawili walikuwa watoto wema, wasikivu, waliofanya hasa kile walicholipwa kukifanya. Mbaya alikuwa mmoja, na ndiye anayeandika.

Sikuambii ukienda huko ufundisheje. Mimi si mwalimu, shule yangu ni ngumbaru, na wewe una cheti. Huenda chuo kina majibu ambayo hukunieleza kwa kuwa niliondoka kwenda kutema mate. Lakini mara ya kwanza mtoto atakapoharibu kitu darasani kwako, tazama atakimbilia upande gani. Utajua una darasa la nani, langu au la Mama Ezekieli. Yule mwanamke watoto wake wanne wamekuwa watu wa kawaida tu, hakuna aliyepata cheo, na kila mmoja akiharibikiwa anampigia mama yake simu siku hiyo hiyo. Mimi simu inayonilia ni ya mtandao tu, wananitangazia vifurushi.

Ninalokuagiza ni hili. Ukishuka stendi Kasulu, usiende shuleni kwanza. Kuripoti kutakusubiri. Uliza genge la Mama Hidaya, nyuma ya msikiti ulio karibu na stendi. Ndiyo, Mama Hidaya. Miaka yote hii anaitwa kwa jina lako na watu ambao hawajawahi kukuona. Mama Ezekieli hupita hapo akienda kwa jamaa zake wa kambi ya wakimbizi, ndiye anayeniletea habari, na kila akirudi hunitazama bila kuniuliza.

Ukimkuta, mwamkie. Usimwambie nimekutuma uniombee radhi. Usimwambie Bibi kazeeka, Bibi anaumwa, Bibi analia. Wala usimwambie anisamehe. Msamaha nao ni kitumbua, na mimi nimenyoosha kiganja vya kutosha. Umsomee barua hii. Yote, kwa sauti, pale pale gengeni, hata kama wateja wamesimama. Lile neno nililisema mbele ya watu, na nalirudisha mbele ya watu: Mariamu hakumuua ndugu yake. Chupa niliiweka mimi, na mdomo wake niliufunga mimi. Jumamosi ijayo baada ya sala ya adhuhuri nitalisema hapa mtaani pia, nimeshamwambia Mama Ezekieli aje asikie. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia sina.

Ukimaliza kusoma, kaa kimya. Usimpambie. Najua utataka kumwambia mama yako kitu kitamu, nami utataka kuniletea jibu tamu, maana ndivyo nilivyokutengeneza, unajua kusoma uso wa mtu na kumpa anachotaka. Kwa hilo moja nakuomba uniasi. Atakalosema, liandike kama alivyolisema, neno kwa neno, unitumie. Likiwa tusi, andika tusi. Akisema hataki kuona hata kaburi langu, andika hivyo. Akikaa kimya tu akaendelea kupanga nyanya, niandikie kwamba alipanga nyanya.

Sitakutumia kitu kwa kuniandikia. Na usiponiandikia, sitakufanya kitu.

Bibi yako,
aliyekulea kwa vitumbua